Kitako Kinachokutosha: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Maumivu ya Teke la Bunduki Nzito za Kuwindia

Wasomaji wenye bunduki nzito za kuwindia, kama .375 H&H Magnum, .416 Rigby na .458 Winchester Magnum wananiletea lalamiko moja kwa maneno tofauti kuhusu teke, yaani bunduki kurudi nyuma kwa nguvu inapofyatuliwa. Padi nene ya mpira imenunuliwa, imefungwa nyuma ya kitako, na baada ya risasi ya tatu bega bado linawaka. Wapo waliokwenda mbali zaidi wakakata kitako, kisha darubini ikaanza kuwapasua unyushi. Karibu wote walianza na kile kilichopaswa kuja mwisho, tena walibadilisha vitu viwili vitatu kwa mpigo, hivyo hawakujua kipi kilisaidia na kipi kiliharibu.

Hapa tutafuata mpangilio mmoja: soma alama za mwili, pima, jaribu kwa vitu vya muda vinavyobandukika, piga risasi chache, ndipo ukate mbao. Ukiruka hatua utairudia, na mbao iliyokatwa hairudi.

## Kitako kinafanya nini na teke

Ukubwa wa teke unatokana na uzito na kasi ya kichwa cha risasi, baruti inayotoka pamoja nacho, na uzito wa bunduki. Kichwa cha gramu 19.4 kikitoka kwenye .375 H&H kwa mita 770 hivi kwa sekunde, bunduki ya kilo 4.1 inarudi na nishati ya jouli 54 hivi. .458 yenye kichwa cha gramu 32.4, katika bunduki ya kilo 4.5, inakaribia jouli 77. Kwa kulinganisha, bunduki ya kawaida ya .30-06 yenye kilo 3.6 iko kwenye jouli 27 au karibu na hapo. Umbo la kitako halipunguzi hata jouli moja katika hizo.

Linachoamua ni mahali zinapotua. Padi ya milimita 130 kwa 45 ina sentimita za mraba 58 hivi. Ikilala yote begani, mzigo unagawanywa kwenye nyama na misuli. Ikigusa kwa theluthi ya chini tu, mzigo ule ule unaingia kwenye eneo dogo mara tatu, na kwa kawaida eneo hilo ni mfupa au ukingo wa kwapa. Ndiyo maana watu wawili hupiga bunduki moja, mmoja akaiweka chini kwa utulivu na mwingine akabaki ameshika bega.

## Majina nitakayotumia

Kitako ni mbao au plastiki yote inayobeba chuma. Uso wake wa nyuma unaogusa bega una kisigino juu na ncha chini. Mgongo ni ukingo wa juu ambapo shavu hulala. Mshiko ni pale mkono wa kifyatulio unaposhika. Mwinamo ni namna uso wa nyuma unavyoinama ukilinganishwa na mtutu.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Futi ya utepe yenye milimita, rula ndefu iliyonyooka na kipembe cha fundi seremala.
- Utepe wa karatasi, kadibodi ngumu na vipande vya sponji ngumu vya unene wa milimita 3.
- Spesa za padi (vipande bapa vya kuongeza urefu wa kitako) za milimita 3, 6 na 12, pamoja na kabari moja nyembamba: upande mmoja sifuri, upande mwingine milimita 3.
- Padi ya kuvalisha kama soksi juu ya kitako, kwa majaribio.
- Chaki na shati la rangi nyeusi.
- Risasi bandia za mazoezi zinazolingana na chemba yako (mahali risasi inapokaa ndani ya bunduki).
- Simu inayorekodi video ya mwendo wa polepole.
- Mizani ya kupimia bunduki nzima.
- Daftari. Namba zikibaki kichwani zitapotea.
- Kinga za masikio za aina mbili: vizibo vya ndani na vifuniko vya nje, vivaliwe pamoja. Miwani ya kinga pia.
- Msaidizi mmoja. Kazi hii haifanyiki vizuri ukiwa peke yako.

Msumeno, msasa na gundi viache mbali kwanza. Vikiwa karibu vitakushawishi.

Onyo: Ondoa risasi zote za kweli kwenye chumba cha kupimia. Fungua bolti (chuma cha kuvuta kinachofunga chemba), tazama chemba, ingiza kidole uhakikishe, kisha mpe msaidizi ahakikishe pia. Rudia kila mara bunduki inaporudi mkononi baada ya kuwekwa chini. Hata ikiwa tupu, usiielekeze kwa msaidizi anapokuangalia, asimame pembeni.

Kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa jicho, bega au shingo, muulize daktari wako kwanza kama mwili wako unaruhusiwa kupokea mateke ya aina hii.

## Hatua ya 1: Soma alama ambazo bunduki imekuachia

Kabla ya kupima mbao, pima maumivu. Kumbuka mara ya mwisho ulipopiga, au vua shati mbele ya kioo kama alama bado zipo. Kila alama ina maana yake.

Mfupa wa shavu unauma. Mgongo wa kitako uko juu au chini kuliko inavyokufaa, au unateremka sana kuelekea nyuma. Hii ndiyo dalili inayosomwa vibaya kuliko zote, kwa sababu mtu anahisi kichwa kinagongwa na kudhani bunduki ina nguvu kupita uwezo wake.

Dole gumba limegonga pua. Kitako ni kifupi, au umetambaza kichwa mbele kutafuta darubini.

Kidole cha kati kimechubuka mgongoni. Ulinzi wa kifyatulio umekirudia. Sababu ni mshiko uliobana karibu mno na ulinzi huo, kitako kifupi, au mkono ulioshika kwa ulegevu.

Alama ya bluu kwenye msuli wa mkono. Kitako ni kirefu, kikateleza kutoka begani hadi mkononi.

Kidonda kidogo cha mviringo karibu na kwapa. Ncha ya chini inachoma. Ni mwinamo.

Maumivu juu ya mtulinga. Kitako kimewekwa juu mno au kisigino peke yake ndicho kinachogusa.

Unyushi umepasuka. Darubini iko karibu mno. Usipige risasi nyingine yoyote mpaka umalize Hatua ya 7.

Andika ulichokiona. Ukiwa na alama tatu, usishangae. Mara nyingi mbili kati ya hizo zinatokana na kosa moja.

## Hatua ya 2: Vaa na usimame kama utakavyowinda

Vaa nguo zile zile za porini, pamoja na koti kama utawinda kwenye baridi. Koti nene peke yake linaweza kuongeza zaidi ya sentimita moja kati ya bega na padi. Wengi hupima ndani ya nyumba wakiwa na fulana, kisha hushangaa porini kitako kikikwama kwapani.

Simama wima, mguu wa mbele ubebe uzito zaidi, kifua kiinamie mbele kidogo. Usiegemee nyuma. Anayeegemea nyuma hupokea teke akiwa tayari ameshaanza kuanguka.

Tafuta mfuko wa bega: ni shimo laini kati ya mtulinga na kiungo cha bega. Inua kiwiko cha mkono wa kifyatulio mpaka kikaribie usawa wa bega, shimo hilo litajifungua zaidi. Hapo ndipo padi inapokaa, na vipimo vyote vinavyofuata vinaanzia hapo.

## Hatua ya 3: Pima urefu wa kitako

Pima kutoka katikati ya upinde wa kifyatulio hadi katikati ya uso wa padi. Bunduki nyingi za kiwandani ziko kati ya milimita 343 na 350. Andika namba yako.

Sahau ule mtindo wa kuweka kitako kwenye kunjo la kiwiko na kuona kama kidole kinafika kwenye kifyatulio. Unapima mkono wa chini tu, na hausemi lolote kuhusu shingo, kifua wala upana wa bega.

Fanya hivi badala yake. Fumba macho, pandisha bunduki begani kwa mwendo wako wa kawaida, laza shavu, kisha fumbua macho. Usirekebishe chochote. Msaidizi, akiwa pembeni, aangalie nafasi kati ya kifundo cha dole gumba na pua. Kwa bunduki nzito nataka nafasi ya vidole viwili hadi vitatu, yaani milimita 40 hadi 50. Rudia mara kumi, maana mara ya kwanza mwili hujipanga kwa makusudi.

Nafasi ikiwa ndogo, ongeza spesa ya milimita 6 na ujaribu tena. Kama padi inakwama kwenye nguo unapopandisha, au mkono wa mbele umenyooka kabisa, kitako ni kirefu. Kwa mtu wa kimo kidogo, hili la pili ndilo linalojitokeza zaidi, na ushauri wa jumla wa kurefusha kitako humuumiza.

Kupunguza urefu bila kukata inawezekana kwa majaribio makavu, yaani bila risasi: toa padi, weka kipande cha ubao mwembamba mahali pake, upandishe bunduki. Usipige risasi kitako kikiwa hakina padi, hata moja.

Utajua umefaulu bunduki inapopanda bila kunasa, nafasi ya pua iko sawa mara tisa katika kumi, na kiwiko cha mkono wa mbele bado kimekunjika.

## Hatua ya 4: Rekebisha mwinamo

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapokwama, na hapa ndipo nafuu kubwa ilipojificha. Mwinamo hauonekani kwa macho unapoitazama bunduki ukutani, kwa hiyo watu hawauwazi.

Vaa shati jeusi. Paka chaki padi yote. Pandisha bunduki mara moja kwa nguvu ya kawaida, ishushe, kisha tazama shati. Chaki inakuonyesha mahali teke litakapoingia. Alama ndefu inayojaa kuanzia juu hadi chini ni nzuri. Alama ya chini tu inasema ncha inachoma kifua. Alama ya juu tu inasema kisigino kinabeba peke yake, na bunduki ya namna hiyo hupenda kuteleza chini ya kwapa inapolipuka.

Legeza skrubu za padi na uingize kabari. Alama ikiwa chini, upande mnene wa kabari ukae kwenye kisigino, ili sehemu ya juu iifuate bega. Alama ikiwa juu, igeuze. Kabari ya milimita 3 kwenye padi ya milimita 130 inabadilisha mwinamo kwa nyuzi 1.3 hivi. Inaonekana ndogo, lakini umbali wa mita moja mbele, mdomo wa mtutu umehama milimita 23. Ndiyo maana usirukie kabari ya milimita 6 mwanzoni.

Watu wenye kifua kipana, na wanawake wengi, wanahitaji ncha ya chini isogee nje kidogo, mbali na kifua, pamoja na mwinamo zaidi. Ncha kali pia inaweza kuviringishwa. Usimwambie mtu avumilie maumivu ya sehemu hiyo. Hayavumiliki, na kabari moja inayamaliza.

Kabari imebadilisha urefu pia, hivyo rudia kipimo cha Hatua ya 3 kabla ya kuendelea.

Utajua umefaulu chaki ikijaza angalau robo tatu ya umbo la padi kwenye shati, mara tatu mfululizo.

## Hatua ya 5: Panga mgongo wa kitako na shavu

Kwanza elewa kinachotokea. Bunduki inarudi nyuma, kichwa chako kwa sehemu ndogo ya sekunde kinabaki palepale. Sehemu ya mgongo iliyokuwa mbele ya shavu sasa inapita chini yake. Kama mgongo unateremka kuelekea nyuma, sehemu ya mbele ndiyo iliyo juu, kwa hiyo inapopita inakwangua shavu kwenda juu. Kama mgongo umenyooka, inapita bila kukupandia. Kama unapanda kidogo kuelekea nyuma, mbao inashuka na kulikimbia shavu.

Kuna jambo la pili. Kisigino kikiwa chini sana ya mstari wa mtutu, teke linaingia juu ya mahali bega linapolizuia, na mdomo wa mtutu unaruka juu. Kitako kilichonyooka hulirudisha teke kwa mstari ulio karibu na bega. Utasikia msukumo mrefu, badala ya kofi.

Sasa pima. Weka rula ndefu juu ya mstari wa kulenga. Pima kushuka hadi mgongo, mara moja pale shavu linapoanza na mara moja kwenye kisigino. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo mteremko wako.

Kisha rudia jaribio la macho yaliyofumbwa. Fumbua: je, jicho liko moja kwa moja nyuma ya darubini au vilengeo? Ukilazimika kuinua kichwa mpaka kidevu ndicho kigusacho mbao, mgongo uko chini mno. Weka sponji ya milimita 3, ifunge kwa utepe, jaribu tena. Ongeza tabaka moja moja. Ukilazimika kukandamiza shavu chini ili uone kilengeo, mgongo uko juu mno, na teke litaupitisha kwenye mfupa wa shavu lako.

Anayetumia darubini na vilengeo vya chuma kwenye bunduki moja achague kimoja kiwe kikuu. Vilengeo viko chini, darubini iko juu, na mgongo mmoja hauwezi kuvitosheleza vyote sawasawa. Kwa mnyama hatari wa karibu, mimi ningeupa mgongo kimo cha vilengeo na kufunga darubini chini kadiri mtutu unavyoruhusu.

Onyo: Hakikisha bolti inatoka nyuma bila kugusa sponji. Ikigusa, toa tabaka au likate umbo. Pia pitisha kidole kwenye ncha ya mbele ya mgongo: ukingo mkali hapo hukata dole gumba.

Utajua umefaulu ukifumbua macho na kuona duara kamili la darubini, au kilengeo cha mbele kikiwa kimekaa ndani ya cha nyuma, bila kuhamisha kichwa.

## Hatua ya 6: Mikono, mshiko na upande

Kati ya kidole cha kati na ulinzi wa kifyatulio kuwe na nafasi ya unene wa kidole kidogo. Kama haipo na urefu wa kitako ni sahihi, mshiko wako umepinda mno, na hilo ni la fundi bunduki. Vidole vitatu vya mwisho viivute bunduki nyuma kwa uthabiti. Dole gumba lisibane. Bunduki iliyoachwa huru inapata nafasi ya kukimbia kabla ya kukugonga.

Mkono wa mbele nao una kazi ya kuvuta. Kwenye bunduki nyingi nzito, pete ya mkanda imefungwa kwenye mtutu, mbele ya mkono, ili isikate vidole. Kama yako iko kwenye mbao, rudisha mkono nyuma yake.

Kuhusu upande: anayelenga kwa jicho la kulia hunufaika kitako kikielekea kulia kwa milimita chache, wa kushoto kinyume chake, ili shavu lisisukumwe kando. Padi inaweza kuhamishwa milimita 2 au 3 kabla ya kusuguliwa. Kupinda mbao yenyewe ni kazi ya fundi aliyewahi kuifanya.

## Hatua ya 7: Darubini irudi mahali pake

Urefu, mwinamo na mgongo vimehamisha jicho lako. Darubini iliyokuwa salama jana huenda si salama leo.

Pima kutoka kioo cha nyuma hadi kwenye unyushi, bunduki ikiwa begani. Kwa ukubwa huu wa bunduki nataka milimita 90 au zaidi. Kisha pima tena katika mkao mbaya kabisa: umekaa chini na unalenga juu mlimani, au umelala kifudifudi. Katika mikao hiyo kichwa husogea mbele. Namba ya mkao mbaya ndiyo ya kufanyia uamuzi, kwa sababu mnyama hatakusubiri usimame vizuri.

Kama haiwezekani kupata nafasi hiyo hata darubini ikisogezwa mbele hadi mwisho, unahitaji darubini nyingine. Pete ya mpira kwenye ukingo haitoshi.

## Hatua ya 8: Risasi za majaribio, kitako kikiwa bado hakijakatwa

Piga ukiwa umesimama, ukitumia fimbo za kuegemeza. Mezani mwili umeinama na hauwezi kurudi nyuma, kwa hiyo teke lote linakwama begani. Ukilazimika kutumia meza ya kulengea, inua egemeo mpaka kifua kiwe wima.

Onyo: Usitumie egemeo linaloifungia bunduki kwa mizigo mizito. Bega halipati teke, lakini mbao inalipata lote, na vitako vya bunduki nzito vimepasuka kwa njia hiyo.

Endelea hivi:

1. Risasi bandia kumi. Kuinua, kulenga, kufyatua.
2. Risasi tatu za nguvu ndogo kama unazo.
3. Risasi tatu kamili. Kati ya moja na nyingine, ishushe bunduki na uvute pumzi.
4. Pumzika dakika kumi na tano. Andika ulichohisi, hasa *wapi*.
5. Risasi tatu za mwisho. Msaidizi ndiye anayezijaza, akichanganya na bandia bila wewe kujua.

Hatua hiyo ya tano inafichua woga wa mwili. Ikiwa bandia imefyatuliwa na mtutu ukazama chini, mwili umejifunza kujihami, na kitako kizuri peke yake hakitaufundisha upya. Rudi kwenye risasi za nguvu ndogo kwa siku kadhaa.

Acha baada ya risasi sita kamili. Mwili uliochoka unatoa majibu ya uongo, nami nimeona mtu akikata kitako kizuri kwa sababu alikipima kwenye risasi ya ishirini.

Tazama video ya pembeni polepole. Kitako kikiwa sahihi, bega na kichwa vinarudi pamoja na bunduki kama kitu kimoja. Kikiwa bado hakijakaa, utaona mwanya kati ya padi na bega kabla ya mlipuko, au kichwa kikitupwa nyuma peke yake baada yake.

Utajua umefaulu ukikumbuka ulichokiona wakati wa mlipuko. Anayeona moto wa mtutu alikuwa amefumbua macho.

## Hatua ya 9: Sasa kata, kisha funga padi

Angalia kwanza kama kitako ni cha plastiki. Vingi ni vitupu ndani, na ukikata huenda usibaki na mahali pa kufungia skrubu. Kitako cha namna hiyo mpe fundi.

Kwa mbao, toa unene wa padi kwenye urefu unaoutaka. Ukitaka milimita 350 na padi ni milimita 25, mbao iishie kwenye 325. Zungusha utepe wa karatasi kwenye mstari ili mbao isichanike, ufuate pembe uliyoipata kwa kabari, na ukate ukibakiza milimita 2 za kusugua kwa msasa uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka. Ziba mbao iliyo wazi kwa mafuta au vanishi kabla ya kufunga padi, unyevu usiingie.

Padi ya milimita 25 iliyo laini inatosha watu wengi. Ibonyeze kwa dole gumba: isipozama imezeeka, ibadilishe. Iliyo laini kupita kiasi nayo hujibana yote hadi kwenye mbao, kisha unapigwa na mbao. Chagua pana kadiri kitako kinavyoruhusu. Kama mpira unanasa nguo, viringisha kisigino chake kidogo kwa msasa.

Paka skrubu grisi kidogo zisikate mpira zinapopita.

## Hatua ya 10: Uzito, kama bado unahitajika

Hii ndiyo njia kuu katika mwongozo huu inayopunguza jouli zenyewe. Kwa hesabu, .375 ya kilo 3.6 ina jouli 61 hivi. Ukiifikisha kilo 4.3 inashuka hadi 51. Gawa uzito nyuma na mbele ili bunduki isipoteze mlingano wake. Ukiongeza nyuma tu, mtutu utakuwa mwepesi na kuruka zaidi.

Wakati kitako kiko wazi, kagua nyufa: nyuma ya mwili wa chuma, kwenye mshiko, na ule ukuta mwembamba wa mbao kati ya magazini na kifyatulio. Ufa wowote, hata wa unywele, unasimamisha kazi mpaka fundi aujaze epoksi na kuangalia kama chuma kinachobeba teke ndani ya mbao kimekaa kikamilifu.

Kifaa cha kuzuia teke kwenye mdomo wa mtutu kinafanya kazi kweli, lakini kinaongeza kelele kwa mpigaji na zaidi kwa walio pembeni. Ukiwa na mwenzako porini asiye na kinga ya masikio, kivue.

## Vipimo vya kuhifadhi ndani ya mfuko wa bunduki

Andika kwenye kadi moja: urefu hadi kisigino, hadi katikati na hadi ncha, kushuka kwa mgongo mbele na nyuma, nafasi ya jicho katika mkao wa kusimama na wa kulala, uzito wa bunduki, na nguo ulizovaa siku ya kupima. Weka na spesa ya milimita 6 yenye skrubu zake. Siku utakayovaa nguo nyepesi, irudishe. Siku ya koti nene, itoe.